Nyumba ya Kukaa, Nyumba ya Kupangisha: Hesabu ya Ruiru na Thika

Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru, mji ambao hata aina moja mashuhuri ya mbuni imechukua jina lake, yamezidi kukatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na katika hesabu ya watu ya Kenya ya 2019 mji huo ulipatikana na wakazi 490,120, ilhali jirani yake Thika, mji wa viwanda ulio mkongwe zaidi, ulikuwa na 251,407. Katika msongamano huo imeenea rai inayowapendeza sana vijana wenye ajira: nunua nyumba ya kwanza kwa rehani, ukae miaka michache, kisha uhame na kumwachia mpangaji kazi ya kulipa deni. Rai hiyo si upuuzi; ila aghalabu hutolewa na watu ambao hawajashika kalamu.

Na tuishike. Aliyekopa shilingi milioni 4 kwa riba ya asilimia 14 hudaiwa riba ya takriban 560,000 katika mwaka wa kwanza, yaani zaidi ya 46,000 kwa mwezi, kabla hajagusa asili ya deni. Na hata akijaaliwa kupata rehani nafuu, tuseme ya asilimia 9.5, riba ya mwanzo hupita 31,000 kwa mwezi. Tuseme mpangaji analipa kodi ya 25,000 kwa mwezi. Serikali huchukua asilimia 7.5 ya kodi hiyo, bila kujali riba wala matengenezo, na pengo lililobaki huzibwa na mshahara wa mwenye nyumba, ambaye huko alikohamia naye ni mpangaji wa mtu.

Fauka ya hayo, sheria humhurumia anayekaa kwake. Riba ya rehani yake, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, huondolewa katika mapato yanayotozwa ushuru. Na aliyeishi humo mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza husamehewa ushuru wa faida ya mauzo, ambao tangu 2023 ni asilimia 15. Akishaingia mpangaji, hifadhi hizo humponyoka, na sijamsikia wakala hata mmoja akilitaja jambo hili anapomtembeza mteja mtaani Membley, Ruiru.

Na huyo mpangaji ni nani? Kule Kimbo ya Ruiru au Makongeni ya Thika haulizi habari za bustani wala sebule pana. Hufungua bomba la jikoni aone kama linatoa maji, kisha huuliza steji iko wapi na tokeni za umeme ni zake peke yake au za ploti nzima. Mwenye ploti ya vyumba 20 akihamwa na mmoja hata hashtuki, lakini mwenye nyumba moja, ikikaa tupu miezi miwili, benki haimsubiri.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, anayetaka nyumba Ruiru au Thika anunue ile atakayoridhika kuishi miaka kumi, na anayetaka kodi aendelee kupanga, aweke akiba, ajenge vyumba vya watu wa kipato cha kawaida. Nawe uliyekwisha kuazimia, kabla ya kutia sahihi nenda ukawaulize wapangaji wa jengo hilohilo wanalipa kiasi gani, na maji yalikatika lini mara ya mwisho.