Bendi ya Kwanza Haikuja Kupigia Viti

Wasee wa Nairobi, tuko na tabia moja lazima tuiongelee. Bango linasema shoo inaanza saa kumi na moja jioni. Sisi tunaanza kupigiana simu saa mbili, tunaoga saa tatu, tunafika Westlands saa tano usiku, halafu tunauliza mlangoni, "Msanii mkubwa ashapanda?" Hapo katikati kuna bendi mbili ama tatu zimepanda, zimepiga nyimbo zao wenyewe na zimeshuka. Walioziona ni fundi wa mitambo, wahudumu na binamu za mpiga gitaa.

Halafu hao hao wa saa tano ndio wanalalamika mtandaoni ati Kenya haina bendi. Manze, bendi ziko. Wewe ndio hukuwa.

Hebu tukumbushane. Sauti Sol walianza 2005 wakiwa vijana watatu waliojuana Upper Hill School. Mpiga gitaa Polycarp walikutana naye Alliance Française, hapa tu tao. Novemba 2023, wakati walifunga safari yao kama kundi pale Uhuru Gardens, kila mtu alikuwa shabiki wa tangu zamani. Sawa, lakini ili tufike Uhuru Gardens, kuna watu walikubali kukaa kwa viti vya ukumbi mdogo kusikiza vijana wasiojulikana. Just a Band nao walitoka Kenyatta University, na miaka ilipita kabla video yao ya Makmende ya 2010 kushika mji mzima.

Rudi nyuma zaidi. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978, na muziki wao ulikomaa kwa sababu walikuwa na kazi ya kupiga kwa vilabu, usiku baada ya usiku, mbele ya watu wanaocheza. Bendi haijifunzi hiyo kitu kwa chumba cha mazoezi. Mpiga bezi anajua wimbo umerefuka akiona watu wameanza kuangalia simu. Mwimbaji anajua kiitikio kimeingia akisikia mtu asiyemjua anaimba naye mara ya pili. Ukiwapa viti vitupu, unawanyima shule.

Sasa twende kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo tunajifanya hatujui. Tupige hesabu ya mfano. Bendi ya watu watano imekubaliana na klabu ichukue pesa ya mlangoni, tiketi ni thao moja. Watu 60 wakilipa, hiyo ni 60,000. Toa 20,000 ya mitambo na fundi, 5,000 ya gari la kubeba vyombo, 5,000 ya studio ya mazoezi. Imebaki 30,000, kila mmoja anaenda na 6,000. Si utajiri, lakini mtu anaweza kununua nyuzi na kulipa stima. Wakilipa watu 20 tu, wengine 40 wakaingia kwa "mimi ni rafiki wa drama", bendi imerudi nyumbani na deni la 10,000. Na kwa mpango kama huo, ile pesa yako ya baa haifiki jukwaani. Ukinunua vinywaji vinne na ukatae kulipa mlangoni, umesaidia baa.

Ndiyo maana mwenye klabu anaona heri deejay. Huyo ni mtu mmoja na kompyuta, hahitaji gari wala saa mbili za kupima sauti. Sina ubaya na madeejay, lakini klabu itafuata hesabu, na hesabu tunaiandika sisi pale mlangoni.

Najua utasema waandaaji ndio wanatufundisha kuchelewa. Ni kweli. Ukifika saa kumi na moja unakuta waya bado zinafungwa, na bendi ya kwanza inapanda saa mbili na nusu. Waandaaji, hiyo si poa. Andikeni saa ya kweli, na muandike kila bendi inapanda saa ngapi. Mtu ametoka Kasarani ama Rongai. Akikosa matatu ya kurudi, teksi itamkula kuliko tiketi.

Na kuna majirani pia. Mwisho wa 2022 kaunti ilifuta leseni za vilabu vilivyo kwenye makazi ya watu, baada ya kelele nyingi kuhusu kelele. Mtu wa Kilimani mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulala, hapo sibishani. Lakini ona: shoo ikianza saa kumi na moja kweli na ikaisha saa nne, jirani analala, wewe unapata matatu, na bendi ya kwanza inapata watu. Tunajua inawezekana. Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets & Wine 2008 kwa wazo rahisi: njoo mchana na blanketi, kaa nyasini, sikiza wasanii ambao labda hujawahi kusikia majina yao. Watu walikuja.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mwezi huu chagua shoo moja, iwe Westlands, Lavington ama tao. Usiombe kuingia bure, hata kama mpiga kinanda ni classmate wako. Huyo ndiye wa kwanza kulipiwa. Fika saa iliyoandikwa, simama mbele, weka simu mfukoni angalau nyimbo tatu. Wakiwa wabaya, umepoteza thao moja. Wakiwa wazuri, nunua tiketi ya shoo yao inayofuata kabla hujatoka hapo.

Halafu uniambie ulimkuta nani jukwaani saa kumi na mbili jioni.