Safari Ikivunjika, Msivunjike na Ninyi

Mpenzi msomaji, natumaini huyo mwenzio bado anakuita kwa lile jina tamu alilokuwa akikuitia wakati wa uchumba. Kama siku hizi anakuita "wewe" tu, basi vuta kiti, ukurasa wa mwezi huu ni wako.

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wanaliona dogo: mpango unapobadilika ghafla. Sisemei mipango mikubwa ya maisha, nasemea ile ya Jumamosi na Jumapili. Mmekubaliana kwenda mahali, umeshanunua na kofia ya jua, halafu mambo yanageuka. Jamani, nimeona ndoa zilizostahimili madeni na mawifi wakorofi, zikaja kuyumba kwa sababu ya wikiendi moja iliyoharibika.

Na kwa sisi wa huku kwenye ukanda wa dhahabu, wikiendi si mchezo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu ukafuata 2001, na kuanzia hapo vijana wengi wasomi kutoka kila pembe ya nchi wakaja kutafuta maisha. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Pamoja na hela ikaja aina ya ndoa ambayo bibi zetu hawakuijua: ndoa ya rosta. Baba yuko kambini wiki mbili, nyumbani wiki moja. Mama ni mwalimu au mhasibu mjini, ana Jumamosi na Jumapili zake. Siku zao za kupumzika zikikutana ni kama jua na mvua, mara mojamoja. Sasa zikikutana, kila kitu kinarundikwa humo humo: mapenzi, ada, kiwanja, na lile swali la mama mkwe la mjukuu anakuja lini. Mzigo wote huo juu ya siku mbili! Kikitokea kitu kidogo tu, panalipuka.

Nina mfano hai, na wenyewe wameniruhusu niusimulie. Mdogo wangu ni muuguzi Shinyanga mjini. Mume wake ni fundi mitambo kwenye mgodi mmoja ambao siutaji. Wana miaka mitatu ya ndoa, lakini ukizijumlisha siku walizolala nyumba moja hata mwaka na nusu haufiki. Julai 2025 shemeji akapata mapumziko ya kuanzia Ijumaa tarehe 11 hadi Jumatatu. Akatupigia simu mimi na mume wangu: "Dada, twendeni Rubondo tukavue sangara. Boti nimeshalipia." Alikuwa amenunua hadi fimbo ya kisasa ya kuvulia, ile yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi.

Usiku ule ule mdogo wangu naye akanipigia kwa sauti ya chini. "Dada, mimi naenda kwa sababu nina jambo la kumwambia. Nimepata nafasi ya kwenda kusoma Dodoma, miaka miwili. Wanataka jibu kabla ya Jumatano. Sijui hata nianzie wapi."

Unaona mzigo huo? Mmoja anawaza sangara, mwingine anawaza Dodoma.

Ijumaa alfajiri tukatoka Shinyanga, tukapita Maganzo kwenye njia ya kuingilia machimbo ya almasi ya Mwadui, Misungwi, hadi Usagara tukakunja kushoto. Pale Kigongo tulikuwa tumezoea foleni ya kivuko, unanunua karanga mpaka zinakuishia mkononi. Safari hii tulipita juu ya daraja jipya la kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Wiki tatu tu! Watu walikuwa bado wanapunguza mwendo kushangaa maji. Tukapita Sengerema, Geita tukamchukua shemeji, tukashika njia ya Nzera hadi mwalo wa Nkome, ambako ni mojawapo ya sehemu za kuvukia kwenda kisiwa cha Rubondo.

Kwa ambao hamjafika, Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina ukubwa wa kilomita za mraba 456, na ina sokwe ambao wazee wao waliletwa na kuachiwa pale kati ya 1966 na 1969. Maji yake ni mazalia ya samaki, wavuvi wa nyavu hawaruhusiwi, ila mgeni mwenye kibali anaweza kuvua kwa ndoano kama burudani. Sangara wa Ziwa Victoria anaweza kupita kilo 100. Shemeji alikuwa ameshachagua mpaka ukuta wa kutundika picha.

Jumamosi asubuhi tukateremka mwaloni. Jamani, upepo! Ni ule wa kusi, ambao miezi ya Juni hadi Agosti huwa hauna masihara ziwani. Mawimbi yalikuwa yanapiga meupe mpaka huko mbali. Nahodha, mzee wa makamo yangu mara mbili, tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Leo ziwa limekataa."

Shemeji akaangalia saa. "Mzee, saa sita je? Mimi Jumatatu usiku naingia shifti."

"Kijana wangu, ziwa halina rosta."

Watu wa huku hatubishani na maneno hayo. Nani amesahau MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996? Au MV Nyerere pale Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakapotea wakati nchi kavu wanaiona kwa macho? Nahodha anayekataa hela yako kwa sababu ya mawimbi, mpe mkono umshukuru.

Lakini shemeji alinuna. Akaenda kukaa kwenye gari, mlango kafunga, simu mkononi. Mdogo wangu akanivuta pembeni, macho yameshaanza kulowana. "Umeona, dada? Ndivyo anavyokuwa. Hiyo Dodoma nitaisemaje? Bora niwajibu kwamba siendi, yaishe."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, yule kakasirishwa na upepo, hajakasirishwa na wewe. Usiyachanganye. Leo usiamue kitu chochote."

Mume wangu, ambaye kwa kawaida hana haraka, alikuwa ameshawaona watoto wawili wakivua kwenye mawe, upande wa ghuba ambao upepo haukuwa ukifika. Tukapita kwanza kwa watu wa BMU, wale wasimamizi wa uvuvi wa pale mwaloni, kuuliza kama inaruhusiwa. Wakasema vueni tu, kwa mwanzi na ndoano moja hakuna tatizo. Tukanunua mianzi mitatu, mishipi na ndoano, na watoto wakatuchimbia minyoo ya chambo. Gharama yote haikufika bei ya sahani moja ya chipsi kuku mjini.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kupata. Sato! Akapiga kelele hadi wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakageuka. Mtoto mmoja akampima kwa kiganja, akatikisa kichwa: mdogo. Sato wa chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, na sangara mwisho wake wa chini ni sentimita 50. Akamrudisha majini, akaweka mnyoo mwingine mwenyewe, yeye ambaye nyumbani anakimbia mende.

Baada ya kama saa nzima mlango wa gari ukafunguka. Shemeji akaja na ile fimbo yake ya sangara. Watoto wakaangua kicheko, maana ni kama kuja na katapila kuchimba shimo la mchicha. Akaiweka chini, akaomba mwanzi. Alichopata yeye ni gogogo, yule samaki mwenye miiba ambaye ukimshika analalamika kabisa kwa sauti. Akakoroma mkononi mwake, shemeji akaruka, na hapo ndipo nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu Geita. Mdogo wangu akamwambia, "Muachie, kanuna kama wewe." Wakacheka wote wawili.

Jioni tulikula sato wa kununua kwa ugali wa muhogo, tukakaa nje ya gesti na yule mzee. Mwezi ulikuwa umeandama mpevu tangu Alhamisi, ukapanda ukaangaza ziwa lote. Mdogo wangu akauliza mbona hatuoni zile taa za wavuvi wa dagaa zinazofanya ziwa kama mji.

Mzee akaeleza. Dagaa anavuliwa gizani. Unawasha taa, wanaifuata, unawazungushia nyavu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia za betri na sola. Sasa kukiwa na mbalamwezi, maji yote yana mwanga, taa yako haina maana. Hivyo kila mwezi kuna siku wavuvi wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi, wanakaa na familia. "Mke wangu hajawahi kuniuliza narudi lini," akasema. "Anaangalia juu, anajua."

Shemeji akanyamaza muda mrefu. Kisha akatoa simu, akamwonesha mkewe picha. Ilikuwa rosta yake ya mwaka mzima. Miaka mitatu ya ndoa, mdogo wangu hakuwahi kuiona! Alikuwa akipata ujumbe tu: "Naja kesho." Likizo zake alikuwa anaziomba kwa kubahatisha, na mara nyingi akipumzika yeye, mwenzake ndiyo anaingia shifti.

Mimi na mume wangu tukaaga tukalale. Yaliyofuata niliambiwa kesho yake. Walikaa pale hadi saa saba za usiku, na la Dodoma likasemwa. Hakuruka kwa furaha, nisikudanganye. Aliuliza, "Na mtoto je?" Halafu akasema, "Nipe hadi kesho." Jumapili wakati wa kurudi, hadi tunamwacha Geita, walikaa kiti cha nyuma na karatasi, wanahesabu: wiki zake za mapumziko, mitihani ya mwenzake, nauli ya basi, nani amjibu mama mkwe na amjibu nini. Jumanne mdogo wangu akapeleka jibu: anaenda.

Si kwamba yameisha. Ndoa ya mbali ni mbali, na safari mbili zimeshawaharibikia tangu aende. Ila sasa hivi ikiharibika, wanaulizana "gogogo yuko wapi?" na wanaendelea.

Basi msomaji wangu, nikuachie machache ya kubeba.

Kwanza, mkasirikieni mkosaji wa kweli. Kama ni upepo, ni upepo. Kama ni bosi aliyebadilisha shifti, ni bosi. Mwenzio aliyekaa karibu asilipishwe deni la asiyekuwepo.

Pili, rosta iwe mali ya wote wawili. Ibandikeni kwenye friji, pigianeni picha, muiangalie pamoja kabla ya kuomba likizo. Kumwambia mwenzio "naja kesho" si mapenzi, ni taarifa ya habari.

Tatu, ukiwa na jambo zito, usiliweke ndani ya starehe ya mwenzio bila yeye kujua. Mwambie mapema: "Wikiendi hii nina la kukuambia, tutafute muda." Anakuja akiwa amejiandaa. Na kama siku imeshaharibika, ngoja hasira ipoe, lakini usiliue jambo lako kwa sababu mtu kanuna saa moja.

Nne, kila mpango mkubwa uwe na mdogo wake wa bei poa. Boti ikikataa, kuna mwanzi. Mwanzi ukikosekana, kuna chai na matobolwa kwenye mkeka.

Na kwa wanaopanga kwenda ziwani: sikiliza utabiri wa TMA kabla hujalipa, usipande chombo bila jaketi okozi hata kama nahodha ni mjomba wako, na usichezee maji ya pembeni kwa miguu mitupu, kichocho kipo. Samaki mdogo mrudishe, akue.

Wewe je, wikiendi iliyowaharibikia mliimalizaje? Niandikie kama kawaida, nami nitachagua yenye mafunzo. Mwezi ujao nitawajibu wale wanaouliza kama ni sawa mke kujua mshahara wote wa mume. Najua wanaume mmeshashtuka! Tukutane panapo majaliwa.