Manowari ya Shibiri Moja na Nusu

Miongoni mwa kazi za mikono zinazowavutia vijana wa siku hizi, ipo ya kuunda mifano midogo ya meli kwa vipimo sahihi. Watoto wa pwani si wageni wa jambo hili. Tangu zamani wamechonga vijahazi vya mbao nyepesi, wakavitia tanga la kitambaa na kuvishindanisha majini. Tofauti ni kwamba kazi tunayoizungumzia leo huanza na vipande vilivyotengenezwa kiwandani, na kila kipande kimepunguzwa kwa hesabu isiyoruhusu kukisia. Mzazi anapomwona mwanawe ameinamia manowari kwa majuma kadhaa, huenda akajiuliza: je, huu ni mchezo tu, au kijana anafundishwa kupenda vita? Swali hilo ni la haki, nalo lastahiki jibu.

Tuchukue manowari ambayo jina lake limefungamana na pwani yetu, Königsberg ya Wajerumani. Ilishushwa majini mjini Kiel mwaka 1905, ikawasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Urefu wake ulikuwa mita 115, upana mita 13. Ilikuwa na dohani tatu na mizinga 10 yenye mdomo wa sentimita 10.5. Ikiundwa kwa kipimo cha 1 kwa 350, urefu huo hugeuka sentimita 33, yaani kama shibiri moja na nusu. Baharia wa kimo cha wastani huwa milimita 5, hata punje ya mchele humshinda urefu.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Uzio wa ukingoni mwa sitaha, wenye kimo cha mita moja, huwa chini ya milimita 3. Plastiki ya kumiminwa katika kalibu haifanyiki nyembamba kiasi hicho ikadumu. Fito ya plastiki yenye unene wa nusu milimita ingekuwa, katika meli ya kweli, nguzo ya sentimita 17 na nusu. Na hakuna baharia aliyepata kuegemea uzio wa magogo. Kwa sababu hiyo hutumika bati la shaba ya manjano, ule mchanganyiko wa shaba na zinki, lenye unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene huo ukikuzwa mara 350 ni sentimita 3 na nusu, kipimo kinachokubalika machoni.

Bati hilo halikatwi kwa mkasi. Hupakwa utando unaobadilishwa na mwanga, likafunikwa kwa filamu yenye mchoro, kisha likamulikwa. Pale mwanga ulipopenya, utando huwa mgumu; pale ulipozuiwa, huoshwa ukaondoka. Ndipo bati huingizwa katika kemikali inayokula shaba, nayo hula palipoachwa wazi peke yake. Mahali panapokusudiwa kukunjwa huliwa upande mmoja tu, pakabaki mfuo wa kuuongoza mkunjo. Mwishowe hupatikana fremu iliyojaa ngazi, nyuzio na nguzo za kuning'inizia mashua, kila kipande kikiwa kimeshikiliwa na vishikizo vyembamba kama uzi. Kazi hii ya kemikali ni ya karakana. Haifai kujaribiwa nyumbani.

Kazi ya nyumbani ni kukata, kukunja na kubandika. Fremu huoshwa kwa maji ya sabuni ili mafuta ya vidole yaondoke, kisha hulazwa juu ya kigae au kioo. Juu ya kitu laini shaba hubonyea na kupinda kabla ya kukatika. Kipande hukatwa kwa kisu chenye ncha kali, na kibaki cha kishikizo huondolewa kwa tupa ndogo. Mkunjo hufanywa kwa kubana upande mmoja chini ya rula ya chuma na kuinua upande wa pili kwa wembe, mara moja, bila kurudia. Shaba iliyokunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa hukatika. Kinachohitaji kuviringishwa hupashwa moto kwanza, kabla hakijagusa plastiki, kisha huachwa kipoe. Hapo huwa laini na chepesi kutii.

Gundi ya plastiki haishiki chuma. Hutumika supaglu, nayo hupakwa kwa ncha ya sindano, tone dogo kabisa, kwa kuwa tone kubwa huziba matundu ya uzio na kuharibu kazi ya siku nzima. Kabla ya rangi yenyewe, shaba hupakwa rangi ya msingi, la sivyo rangi hubambuka. Kijana akiwa na pupa, kazi itamfichua. Haraka haina baraka, na hapa hasara huonekana papo hapo.

Mzazi naye ana wajibu wake. Vipande vikikatwa huruka, basi macho yakingwe kwa miwani. Harufu ya supaglu na ya rangi hukera macho na kifua. Dirisha liwe wazi. Wembe na vijipande vya shaba visiachwe pale mtoto mchanga anapotambaa. Kupasha moto ni kazi ya mtu mzima, au ya kijana aliye chini ya usimamizi wake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mfano wa meli husema kweli juu ya chuma: idadi ya dohani, mahali pa kila mzinga, hatua za kila ngazi. Hausemi neno juu ya watu. Kijana anaweza kuimaliza Königsberg bila kujua kwamba tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha na kuua mabaharia. Hatajua kwamba mitambo ya Königsberg nayo iliharibika, ikabidi ijifiche katika delta ya Rufiji, na kwamba vifaa vilivyohitaji matengenezo vilipelekwa karakana ya Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu. Waliovivuta kupitia matope na vichaka ni Waafrika, kwa mabega na kamba. Katika karatasi ya maelekezo ya kuunda meli hii, hakuna kipande chenye namba kinachowawakilisha.

Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza waliimaliza kwa mizinga ya Severn na Mersey, huku ndege zikiwaonyesha risasi zilipoangukia. Hata hapo kazi ya mabega haikwisha. Mizinga yote 10 ilitolewa katika mabaki, mingi ikatiwa magurudumu, ikakokotwa na wapagazi kutoka uwanja mmoja wa vita hadi mwingine. Mmoja ulifungwa katika meli ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo sisi twaijua kwa jina la Liemba. Mwingine umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na watoto hupiga picha kando yake. Mizinga imehifadhiwa, majina ya walioikokota hayakuandikwa ila machache. Kumbukumbu yao kubwa mjini Dar es Salaam ni neno moja la sokoni: Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita hivyo hivyo.

Basi jibu letu ni hili: mwacheni kijana aunde manowari yake, lakini asiiunde peke yake. Anapobandika mzinga wa urefu wa kucha, mwulizeni mzinga wa kweli ulikuwa na uzito gani, na nani aliubeba ulipotoka majini. Anapomaliza uzio wa sitaha, mwambieni kuwa nyuma yake walisimama wana wa watu zaidi ya 300, na mbele yao walikuwapo wana wa watu wengine. Na meli ikishawekwa rafuni, aandike kwa mkono wake kadi ndogo ya kuweka kando yake: jina la meli, mwaka, Rufiji, na mstari mmoja juu ya wapagazi. Kijana aliyezoea kutopoteza kipande cha milimita 3 hatashindwa kufundishwa kutompoteza mwanadamu katika hesabu.

Panapo majaaliwa, tukutane juma lijalo.