Tuulize "Lini?" Kabla ya Kumkimbilia Fundi

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga, nami nadhani lau wangalikuwa hai leo wangaliongeza kwamba kutouliza ni hasara. Nayasema haya nikiwa mtu aliyeponea chupuchupu kutoa Sh4,500 kwa kukosa kuuliza swali moja tu, ilhali kila siku ya Mungu nawahimiza wanafunzi wangu waulize.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa na alama za tathmini za darasa zima, nazo zilihitajika kutumwa kwa Baraza la Mitihani kupitia tovuti yake. Zilikuwa zimesalia siku mbili. Usiku nilifanya kazi vyema hadi saa tano, nikakifunika kipakatalishi changu, nikalala. Asubuhi nilipokifunua, mtandao usiotumia waya ulikuwa umetoweka. Haukuwa dhaifu wala wa kusuasua, haukuwapo kabisa. Hata ile orodha ya mitandao ya majirani, ambayo hujaa majina tele, ilikuwa tupu. Simu yangu iliyokuwa pale pale mezani iliupata mtandao wa nyumbani bila taabu.

Nilikibeba kipakatalishi hadi mjini kwa fundi. Alikifunua vile vile nilivyokifunika, akaitazama orodha ile tupu, akatoa hukumu: kadi ya mtandao imekufa, inunuliwe nyingine. Mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo, mgala muuwe na haki yake mpe. Mimi ndimi niliyemwambia, "Waifai haifanyi kazi," nikakomea hapo. Mgonjwa asiyeeleza maumivu yalianza lini humwachia daktari kazi ya kubahatisha.

Jioni nilimsimulia mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi nami. Akanisikiliza, kisha akauliza:

"Mjomba, hukatika lini?"

"Umekatika, basi. Haupo."

"Hata ukikiwasha upya?"

Nikanyamaza, kwa maana sikuwa nimejaribu. Tukakiwasha upya, na mtandao ukarudi. Tukakilaza kwa dakika kumi, tukakiamsha: umetoweka. Tukakiwasha upya tena: umerudi. Tukarudia zoezi hilo mara tatu, na matokeo yakawa yale yale. Kadi iliyokufa, ndugu msomaji, haifufuki mara tatu kwa jioni moja! Kadi ilikuwa hai. Ila kilipoamka mwenzake, yeye aliendelea kulala.

Iweje basi kompyuta iamke nusu? Hapa pana elimu inayomfaa kila mwalimu na kila mwanafunzi. Mnamo Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilichapisha kanuni za pamoja za kusimamia umeme katika kompyuta. Chini ya kanuni hizo, mfumo endeshi ndio wenye mamlaka ya kuamua kifaa kipi kipewe umeme, na kipi kinyimwe, na wakati gani. Unapokifunika kipakatalishi, aghalabu huwa hakizimiki. Kumbukumbu yake hupewa umeme kidogo ili kazi yako isipotee, na vifaa vingine hunyimwa au hupunguziwa, kadi ya mtandao ikiwa miongoni mwavyo. Lengo ni jema: betri idumu.

Taabu huja wakati wa kuamka. Kila kifaa kina programu ndogo inayozungumza nacho kwa niaba ya mfumo endeshi, nayo huitwa draiva. Kazi ya draiva ni kuitikisa kadi, kuiandaa upya, kisha kuiruhusu iutafute mtandao, itoe neno la siri na kupokea anwani. Draiva ikiwa na kasoro, au ikiwa ni ya zamani kuliko mfumo endeshi wenyewe, huenda ikashindwa katika hatua ya kwanza kabisa. Kadi husalia gizani, na wewe hukodolea macho orodha tupu.

Tiba yake hufuata chanzo hicho. Kwanza, hakikisha kosa si la mtandao wenyewe: ikiwa simu yako inaupata, ruta haina hatia. Pili, weka kipakatalishi katika hali ya ndegeni kisha ukiondoe. Mara nyingine hilo pekee huiamsha kadi. Likishindikana, kiwashe upya. Hizo ni huduma za kwanza tu, kwani kesho kosa litarudi.

Dawa ya kudumu, kwa wanaotumia Windows, imo katika orodha ya vifaa iitwayo Device Manager. Tafuta kadi ya mtandao usiotumia waya, fungua sifa zake, uende kwenye sehemu ya usimamizi wa umeme. Humo mna kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Ondoa alama iliyomo. Fauka ya hayo, pakua draiva mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyounda kipakatalishi chako. Baadhi ya mashine za kisasa hazina sehemu hiyo ya umeme, na kwa hizo draiva mpya ndiyo njia ya kuanzia. Watumiaji wa Linux huiondoa draiva kwenye kumbukumbu na kuipakia tena, nayo kadi huzinduka.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kukizima kipakatalishi na kukiwasha upya si kitu kimoja. Ili kuharakisha uwashaji, mfumo huo huweza kuihifadhi sehemu ya hali yake unapozima, kisha ukairejesha ilivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Kuwasha upya ndiko huanza mambo upya kwa ukamilifu. Kwa hiyo mtu anayesema, "Nilizima nikawasha, wapi!" huenda anasema kweli tupu, na bado hajajaribu kuwasha upya.

Sidai kwamba kila kadi iliyonyamaza imelala. Zipo zinazoungua, na zipo nyaya zinazolegea kwa kipakatalishi kuangushwa. Ikiwa mtandao haurudi hata baada ya kuwasha upya na kuweka draiva mpya, hapo mpeleke mgonjwa kwa fundi bila kusita. Wala sikani kwamba kuinyima kadi usingizi hula betri kidogo. Lakini afadhali kupoteza umeme kidogo kuliko kununua kadi usiyoihitaji.

Najua kuna mwalimu atakayenung'unika: mimi mwalimu wa Kiswahili, haya yanihusuni? Yanatuhusu sote. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Kuanzia mwaka 2016 vilivyofika katika shule za msingi vikawa vishikwambi.  Tumebishana sana kuhusu idadi ya vifaa, bei yake na waliovipata. Ni mara ngapi tumejadili kifaa kikikwama mtu afanye nini? Kifaa mikononi mwa mtu asiyejua kukihoji ni mali ya fundi iliyohifadhiwa kwetu kwa muda.

Isitoshe, somo lililomo humu si la kompyuta pekee. Mpwa wangu hakuijua draiva wala hizo kanuni za mwaka 1996. Hayo tuliyasoma pamoja baadaye. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kuuliza jambo hutokea lini, na lini halitokei, kisha kubadilisha kitu kimoja tu na kutazama matokeo. Hivyo ndivyo anavyofundishwa katika maabara ya kemia. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliitoa elimu hiyo maabara akaileta sebuleni, ilhali mimi niliiacha yangu ubaoni. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni jepesi. Kifaa kitakapokwama mbele ya darasa, tusiaibike wala tusikifunike haraka na kurudi kwenye chaki. Tuwaulize wanafunzi: kimekwama lini? Kabla ya hapo kilifanywa nini? Tubadilishe nini kwanza ili tujue? Dakika kumi za maswali hayo zitawajenga kuliko saa nzima ya kukariri sehemu za kompyuta.

Nanyi wanafunzi, msiwaonee haya wakubwa wenu. Alama zangu zilifika siku moja kabla ya makataa, na zile Sh4,500 zingali mfukoni mwangu. Nimeahidi kumnunulia mpwa wangu kitabu kwa sehemu yake. Ameshaniuliza: lini?