DHAMANA SI YA WENYE SHAMBA PEKE YAO

Ndugu wafanyakazi,

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema mtu aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuna sababu kubwa ya kumzuia. Maneno mazuri. Lakini sisi wa Kibera na Kabiro twauliza: haki hiyo yatufikia?

Hakimu akisha kutaja dhamana, ndipo taabu yaanza. Mdhamini huleta kitambulisho na hati ya shamba au kitabu cha gari. Hati hupelekwa ofisi ya ardhi kuulizwa kama ni ya kweli, jina la mwenyewe ni lipi, na kama ina deni. Thamani yake hupimwa, na mpimaji hulipwa. Kisha mdhamini huulizwa maswali kortini, ndipo hati ikubaliwe. Karatasi moja ikichelewa, mwenzetu alala rumande Industrial Area, na zamu yake kazini imepita.

Hatukatai hati kuchunguzwa. Wako walaghai wenye hati za uongo, na mwenye shamba halali ndiye aibiwaye. Tunalokataa ni kumdai mtu hati asiyoweza kuwa nayo. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Hati ya ekari 288 waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ni ya jamii nzima. Hapana mtu mmoja awezaye kuichukua akaiweka rehani kortini. Na mpangaji wa Kawangware ana risiti ya kodi, basi.

Miaka ya 1920 babu zetu walivishwa kipande shingoni ili wasitoroke kazi. Leo mwenye kazi ashukiwa atatoroka kwa kuwa hana shamba! Mtu wa mshahara, mwenye watoto shuleni, atakimbilia wapi?

Kwa hiyo twadai:

1. Kila korti ikubali hati ya mshahara na barua ya mwajiri kwa makosa madogo, na zihakikishwe siku ile ile.

2. Mahakimu watumie zaidi ruhusa ya sheria ya kumwachilia mtu kwa ahadi yake mwenyewe, bila mdhamini.

3. Orodha ya karatasi na malipo ibandikwe mlangoni pa korti, kwa Kiswahili.

Nawe mwanachama, usitoe fedha bila risiti. Fedha ya dhamana ni amana, si faini. Mshtakiwa akihudhuria mpaka mwisho wa kesi, hurudishwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.