SSD ya bei mbaya kwenye laptopu ya mtumba? Hapana, asanteni

Jamani, kuna ugonjwa umeingia mjini na leo nimeamua kuusema. Kijana kamaliza chuo, kajibana, kanunua laptopu ya mtumba Kariakoo. Baada ya miezi miwili inaganda. Anauliza wanaojua, anaambiwa tiba ni moja: tafuta SSD ya nguvu, ya jina kubwa, TB 1, eti usije ukajuta. Anakopa, anafunga. Laptopu inakwenda sawasawa na ya jirani yake aliyeweka SSD ya kawaida ya GB 256.

Tuelewane kabla hamjanirukia. Sisemi laptopu ya bei chee haistahili SSD. Wapo wanaosema mashine ya namna hiyo usiitupie hela, subiri ununue mpya. Na hao nawapinga. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono unaohangaika kutafuta data huku na kule. Kila safari ya mkono ule inakula zaidi ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Utasema ni kidogo, lakini kuwasha kompyuta tu kunataka maelfu ya safari hizo. SSD haina kinachozunguka, inajibu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo ndipo laptopu inapofufuka, na SSD ya kawaida inakupa faida hiyo karibu yote.

Sasa kile kinachouzwa kwa bei mbaya ni kitu kingine: kasi ya kusoma mafaili makubwa kwa mfululizo. Samsung 990 PRO inasoma hadi MB 7,450 kwa sekunde. Safi sana. Lakini chukua ThinkPad T430 ya mwaka 2012. Mlango wake wa diski ni SATA, ambao mwisho wake ni kama MB 550 kwa sekunde. Hiyo 990 PRO hata haiingii humo, umbo lake ni jingine kabisa. Ukinunua SATA ya kifahari, nayo itagota palepale inapogota ya kawaida. Hata laptopu changa kidogo zenye mlango wa NVMe, nyingi ni za PCIe 3.0, zinazoishia kama MB 3,500. Huku ni kufunga tairi za magari ya mashindano kwenye bajaji.

Wengine wanajitetea: "Si nitaihamishia kwenye mashine ijayo?" Haya. Mashine ijayo huijui, wala mlango wake huujui. Laptopu nyingi mpya hazina tena nafasi ya SATA ya inchi 2.5. Ukiipata hiyo mashine ndipo uinunulie chake.

Na wakati wenyewe ni mbaya. Vituo vya data vya akili mnemba vinanyakua kumbukumbu, na bei zikaanza kupaa mwaka 2025. Desemba mwaka huo Micron walitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. Shilingi yako leo inahitaji akili zaidi kuliko juzi.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, angalia mambo matatu. Kwanza, kama hifadhi ni eMMC, ile iliyochomelewa kwenye bodi, fundi hana cha kuchomoa. Pili, kama RAM ni GB 4, anza kufikiria RAM, maana ikijaa kompyuta inageuza diski kuwa kibarua wake. Tatu, umri. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na T430 haimo kwenye orodha ya mashine zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Ukiweka Linux itaishi, lakini si mashine ya kuzikia mkopo.

Ila msinielewe vibaya mkakimbilia zile za bei ya kutupa zisizo na jina. Zimejaa feki, inaandika TB 2 na ndani hamna hata robo yake. Chukua ya kampuni inayojulikana, GB 256 au 512, yenye waranti.

Chenji inayobaki nunua diski ya nje, uhifadhi nakala. Mimi ni mwandishi, ofisi yangu ni laptopu. SSD inaweza kufa ghafla bila hata kukohoa, na ikifa haiangalii uliinunua shilingi ngapi. Tasnifu yako, picha zako, mahojiano ya mwaka mzima, vyote kwaheri.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: laptopu hii ina mlango gani? Akikujibu kwa kukutajia bei, ondoka.

Nimemaliza. Wenye maduka, nanyi semeni.