Nimekula, Shangazi

Jumamosi moja shangazi alipiga hodi saa saba mchana, akanikuta nafuta makombo mezani. Akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu nimekula, mkate na samaki. Akatua mkoba, akatazama jiko lililopoa, akasema, "Basi hujala, mwanangu. Unga uko wapi?"

Shangazi hayuko peke yake. Sikiliza tunavyosema: mtu anamaliza vipande vinne vya mkate na mayai mawili asubuhi, halafu anakwambia "nimekunywa chai". Mkate wote ule umemezwa na kitenzi cha kunywa! Ugali unaliwa, wali unaliwa, ndizi zinaliwa. Mkate unasindikiza tu. Na anayejitengenezea sandwichi mchana anaonekana mvivu, kapera aliyekosa wa kumpikia, au mwigaji wa Wazungu. Nayakataa yote matatu, na hilo la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi.

Jina ni la Waingereza, sibishi. Limetokana na John Montagu, mwungwana wa karne ya 18 aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich, na mwanahistoria Edward Gibbon aliliandika katika shajara yake mwaka 1762. Lakini kutia kitoweo ndani ya mkate hakuna aliyehitaji kufundishwa na mwungwana yeyote. Watu wa pwani wanakula mkate wa mofa na samaki. Kampala wanakunja mayai ndani ya chapati, wanaiita rolex, na mtu anashinda nayo kazini. Tena mahindi ya ugali wenyewe asili yake ni Amerika. Tumeyasaga, tumeyasonga, yamekuwa yetu. Mkate umekosa nini?

Sasa uvivu. Njoo jikoni kwangu uone.

Nachukua boflo ya jana, kwa sababu ya leo ni laini mno, inabonyea na kushikana kama kinyunga. Naipasua kwa urefu, naiweka kifudifudi juu ya kikaango kikavu mpaka uso wake ukauke na kupata rangi. Parachichi naliponda kwa uma pamoja na limau na chumvi, nalipaka pande zote mbili hadi ukingoni. Halipakwi kwa ajili ya ladha peke yake: mafuta yake yanazuia maji ya nyanya yasiuloweshe mkate. Kitunguu nakikata chembamba, nakifikicha kwa chumvi, nakiosha, nakikamua. Nyanya naiondoa mbegu. Kipande cha nguru wa kukaanga kilichobaki jana nakichambua kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, maana kisu hakiujui mwiba. Achari ya embe ni kijiko kimoja kidogo, nayo inakaa juu ya samaki, isiguse mkate. Nafunika, nakandamiza kwa kiganja, nasubiri kidogo vitu vizoeane. Ukiuma, ganda linavunjika kwanza, kisha ulaini wa parachichi, kisha ule uchachu wa embe unapanda puani.

Mvivu angenunua. Nami nimewahi kununua, katika mkahawa mmoja wa mjini: slesi mbili baridi, mayonesi, na duara moja la nyanya katikati. Pembeni palikuwa pakavu kabisa. Aliyeitengeneza hakufikiria kwamba mtu huanza kula pembeni.

Na ukapera? Chungu ni cha watu wote, na kwa hiyo kinapikwa kwa wastani: chumvi ya wastani, pilipili inawekwa kando kwa sababu ya watoto. Nakipenda chungu. Lakini sandwichi inatengenezwa kwa ajili ya kinywa kimoja, na mwenye kinywa ndiye mpishi. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye bado simruhusu kuwasha gesi, juzi alipanga maharage ya nazi ya jana yake ndani ya mkate, juu yake vipande vya ndizi mbivu. Ningeulizwa ningekataa. Alikula bila kusema neno, akalamba kidole, akaanza kupanga ya pili, safari hii akiongeza pilipili kidogo. Huko ni kupika: kuonja, kuamua, kurekebisha. Kuna wanaume wazima walioambiwa tangu utotoni kwamba jikoni si kwao, na hawajawahi kuipata raha hiyo hata siku moja.

Kwa jambo moja shangazi yuko sahihi. Slesi mbili na siagi si chakula cha mtu aliyeshinda shambani. Njaa inarudi kabla jua halijageuka. Ila hata ugali mtupu haumtoshi. Kinachomshikilia mtu ni maharage, samaki, mayai, na vyote hivyo mkate unavibeba.

Siku ile alisonga ugali wake, akala na nusu ya nguru iliyobaki. Nusu ya pili niliifunika kwa sahani. Jioni nikaenda dukani kununua boflo, nikaiacha juu ya kabati ilale.